Mzinga wa Mbao Bandarini Kigoma

Zamani kidogo, barabara ya kutoka Kigoma kwenda Kasulu ilipokuwa ikitengenezwa, nilikuwa ndani ya basi lililojaa abiria, magunia na kuku. Mahali fulani dereva akapunguza mwendo, akaiacha barabara kuu na kuteremkia kijia cha vumbi kilichochongwa pembeni. Pale njia ilipogawanyika palisimikwa ubao wenye mshale na neno moja la Kiingereza: DIVERSION. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akamgeukia kijana wa sekondari aliyekuwa kando yake.

"Mjukuu wangu, ubao ule unasemaje?"

"Daivasheni, babu."

"Ndiyo kitu gani?"

Kijana akasita. Kondakta aliyekuwa amesimama mlangoni akamwokoa: "Mchepuko, mzee wangu!"

Basi zima likaangua kicheko, kwa maana siku hizo kampeni ya kupiga vita ukimwi ilikuwa ikituasa kila kukicha tuache michepuko, tubaki njia kuu. Mzee naye akacheka, akatikisa kichwa, akasema: "Kumbe hata barabara inao."

Ndugu msikilizaji, kondakta yule hakukosea hata chembe. Alitoa tafsiri ambayo mwalimu yeyote wa lugha angeipa alama zote. Leo nataka tulitazame neno hilo la ubaoni, maana yake, matumizi yake na asili yake. Baada ya hapo nitakurudisha nyuma hadi mwaka 1916, katika bandari ya Kigoma, ambako neno hilo lilitendwa kwa vitendo, tena kwa kipande cha mbao.

Kitenzi chenyewe kwa Kiingereza ni "divert". Waingereza walikichukua kwa Wafaransa katika karne ya 15, na Wafaransa walikirithi kutoka Kilatini. Katika Kilatini kiini chake ni "vertere", yaani kugeuza. Mbele ya kiini hicho kumebandikwa kipande chenye maana ya kando au mbali. Kwa hiyo maana ya mwanzo kabisa ni kugeuza kitu kikaenda kando, au kwa neno moja la Kiswahili, kuchepusha.

Ukoo wa neno hili ni mkubwa, na baadhi ya jamaa zake tunaishi nao bila kuwatambua. Utingo anapomwambia dereva apige rivasi, anatumia neno la ukoo huo huo, kwa kuwa kupiga rivasi ni kugeuza mwendo urudi nyuma. Na unapoona tangazo la mpira limeandikwa "Simba vs Yanga", zile herufi mbili za katikati ni kifupi cha neno la Kilatini "versus", nalo limetokana na kugeuza: timu moja imeigeuzia nyingine uso.

Sasa tuje kwenye matumizi. Waingereza wanakitumia kitenzi hiki kwa maana tatu. Ya kwanza ni ile ya barabarani: kuchepusha mto, gari, treni, au hata fedha zilizotengwa kwa kazi moja zikaenda kufanya nyingine. Ya pili ni kuchepusha macho na akili ya mtu, asione jambo linalotendeka. Wanajeshi waliipenda sana maana hii. Tangu karne ya 17 shambulio la uongo linalofanywa upande mmoja ili adui apeleke askari wake huko, huku shambulio la kweli likija upande mwingine, limeitwa kwa jina hilo hilo la ubaoni. Katika Vita Kuu ya Pili, mwaka 1944, Waingereza na Wamarekani walisimamisha vifaru vya mpira vilivyojazwa upepo na boti bandia upande wa mashariki wa Uingereza, ili Wajerumani waamini kwamba jeshi litavukia Calais. Jeshi likavukia Normandy.

Maana ya tatu ndiyo inayoshangaza. Kitenzi hicho hicho, bila kubadilishwa hata herufi, maana yake pia ni kuburudisha. Mchezo, hadithi ya kuchekesha, muziki wa jioni, vyote kwa Mwingereza vinaweza kuitwa "diversion". Kwa Mfaransa wa leo maana hii ndiyo iliyotawala. Fikira iliyomo ni kwamba mtu anayeburudika amegeuzwa uso kutoka kwenye taabu zake.

Sisi Waswahili tuliyatenga mambo hayo mawili. Neno letu "burudisha" tulilipata kwa Waarabu, na ni ndugu wa "baridi". Kwetu mtu anayeburudika amepozwa, mfano wa mtu aliyetoka juani akapewa maji ya mtungini. Uso wake haujageuzwa popote. Kwa lile tendo la kumgeuza mtu akili tuna maneno mengine, nayo hayana sifa njema: kupumbaza, kughilibu, kuhadaa, na lile linalopendwa na vijana wa mjini, kuzuga. Anayezuga hujifanya anatazama saa, kumbe mwenzake anachomoa pochi mfukoni mwa abiria. Lugha yetu inatuambia kwamba kuburudishwa ni jambo moja na kuzugwa ni jambo jingine. Kiingereza kinatuambia kwamba mara nyingine mambo hayo mawili huja kwa pamoja, katika sura moja. Naomba uliweke jambo hili kichwani, tutalihitaji baadaye.

Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika hawahitaji Kilatini ili waelewe somo hili. Nenda ufukweni Kibirizi au Ujiji usiku wa giza, utazame majini. Utaona taa zimetapakaa mpaka upeo wa macho, utadhani mji mwingine umejengwa juu ya ziwa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu za jua. Dagaa huiona taa wakaifuata. Wanakusanyika wakizunguka katika mwanga, na wote wamegeukia juu, wakati wavu umeshashushwa chini yao. Usiku wa mbalamwezi mvuvi hupumzika nyumbani, maana mwanga ukiwa kila mahali dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Hila hii inahitaji giza pande zote na mwanga sehemu moja tu.

Basi ndugu msikilizaji, tuingie katika habari yenyewe.

Reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200, ilifika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, mwaka 1913, kiwanda cha Meyer katika mji wa Papenburg kule Ujerumani kilikuwa kimeunda meli ya karibu meta 70, kikaifungua vipande vipande na kuipakia katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yalikuja Dar es Salaam kwa bahari, yakaja Kigoma kwa reli, na hapa Kigoma meli ikaunganishwa upya. Iliteremshwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimeshaanza. Ilipewa jina la Graf von Götzen, gavana aliyeitawala nchi hii tangu 1901 hadi 1906. Ni gavana yule yule ambaye wakati wake vita vya Maji Maji vilizuka na kuzimwa kwa bunduki na kwa njaa.

Meli hiyo ilikuwa kubwa kuliko chombo chochote ziwani. Juu yake Wajerumani wakafunga mzinga wa milimeta 105 uliotolewa katika manowari yao Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya mto Rufiji Julai 1915. Wakiwa na Götzen pamoja na meli ndogo mbili, Kingani na Hedwig von Wissmann, wakawa mabwana wa ziwa lote. Askari wao waliweza kuvushwa wakati wowote kwenda kuishambulia Kongo ya Wabelgiji, na hakuna aliyeweza kuwazuia.

Ndipo vita vikadai deni. Mwaka 1916 Waingereza walikuwa wakisonga kutoka kaskazini na kusini, na Wabelgiji kutoka magharibi. Jeshi la Kijerumani la nchi kavu likawa na upungufu mkubwa wa mizinga. Ikatoka amri kwamba mzinga mkubwa wa Götzen ung'olewe, upelekwe kwenye mapambano ya bara. Kamanda wa majini Gustav Zimmer akabaki na meli kubwa isiyo na meno. Akafanya jambo ambalo fundi seremala yeyote wa Kigoma angeliweza kulifanya: mahali pa mzinga wa chuma akasimamisha mzinga wa mbao.

Kwa Muha mzinga wa mbao si ajabu. Mizinga ya namna hiyo imejaa juu ya miti Kasulu na Kibondo, na ndani yake kuna nyuki. Huu wa Götzen haukuwa na nyuki wala risasi. Ulikuwa umbo tu, likionekana kwa mbali. Lakini wapinzani wao hawakuwa na habari. Kwa macho yao Götzen iliendelea kuwa ile ile meli ya kuogopwa. Ndege za majini za Wabelgiji zilizoazimwa kutoka Uingereza zilipoanza kuishambulia bandari ya Kigoma Juni 1916, shabaha yao ilikuwa meli ambayo nguvu zake nyingi zilikwisha kuondoka kwa treni.

Tena haikuwa mbao ya pekee katika ziwa hili. Kusini, mahali tunapopaita leo Kasanga, mkoani Rukwa, Wajerumani walikuwa na ngome yao waliyoiita Bismarckburg. Juni hiyo hiyo ya 1916 boti za Waingereza zilifika zikatazama ngome, zikaona mizinga ukutani, zikaondoka zake. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa majahazi. Waingereza wa nchi kavu walipoingia ngomeni wakakuta mizinga iliyowatisha wenzao ni ya mbao.

Swali ni hili: kwa nini wanajeshi waliosomea kazi yao walidanganywa na mbao? Jibu liko katika dagaa na taa. Mbao haikuwa na nguvu yake yenyewe. Nguvu iliazimwa kwenye mzinga wa kweli uliokuwapo kabla yake. Mtu aliyekwisha kuogopa kitu hakichunguzi tena, macho yake humwonyesha kile alichokwisha kukiamini. Uongo wa namna hii husafiri kwa nauli iliyolipwa na ukweli.

Sasa, aliyeziongoza zile boti zilizotishwa na mbao za Kasanga alikuwa nani? Hapa ndipo ninapokuomba usogeze kiti karibu na redio.

Jina lake lilikuwa Geoffrey Spicer-Simson, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza ambaye bahati ilikuwa haimpendi. Mapema katika vita, chombo kilichokuwa chini ya uangalizi wake kilizamishwa na adui wakati yeye yuko nchi kavu, hotelini. Akapelekwa ofisini kuandika karatasi. Mwaka 1915 ukubwa wa jeshi ulipotafuta mtu wa kupeleka boti mbili Ziwa Tanganyika, yeye akapatikana kwa kuwa hakuwa na kazi ya maana. Boti zilikuwa na urefu wa meta 12 tu kila moja. Akapendekeza ziitwe Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa kwa kuona ni utovu wa heshima. Akarudi na majina mengine, Mimi na Toutou, nao wakayakubali wasijue kwamba kwa Kifaransa cha mitaani hiyo ni milio ya paka na mbwa!

Mtu huyu alijichora chale za nyoka na vipepeo mwili mzima, na alikuwa akioga hadharani ili watu wazitazame. Katika joto la ziwani alivaa sketi ya kitambaa cha kaki, akasema imeshonwa na mkewe. Hata hivyo bwana huyu wa sketi alifaulu. Desemba 26, 1915 boti zake ziliikamata Kingani karibu na Lukuga, ng'ambo ya ziwa, mahali panapoitwa Kalemie leo. Februari 9, 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Kesho yake Götzen yenyewe ikapita mbele yake ikiwatafuta wenzake, na Spicer-Simson akawakataza watu wake wasiifuate.

Kisa hiki kimeandikwa vitabu na vitabu huko Ulaya. Mwingereza C. S. Forester alitunga riwaya juu ya vita vya ziwani mwaka 1935, na mwaka 1951 ikatolewa filamu, The African Queen, iliyompa mchezaji Humphrey Bogart tuzo ya Oscar. Vita vyenyewe vimegeuzwa pale kuwa safari ya mapenzi ya wazungu wawili ndani ya mtumbwi wa moshi.

Ndugu msikilizaji, umecheka? Mimi nilicheka niliposoma kwa mara ya kwanza. Sasa jiulize: wakati tunacheka habari za sketi na majina ya paka, macho yetu yamegeuzwa kutoka wapi?

Zile boti mbili zilishushwa Cape Town. Zilipanda reli mpaka Fungurume huko Katanga, na hapo Agosti 1915 reli ikaishia. Kutoka hapo hadi kwenye reli iliyofuata kulikuwa na pori na milima ya Mitumba. Boti ziliwekwa juu ya magari ya magurudumu, zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe, na zilipokwama zikavutwa kwa kamba na watu. Watu hao walikata miti, wakapasua njia, wakajenga zaidi ya madaraja 100 ambayo kila moja lilitumika siku chache likaachwa. Maji yalipokuwa haba wanawake wa vijijini waliajiriwa kuyaleta vichwani ili injini zisikauke. Wiki zikapita namna hiyo. Kisha mto Lualaba, kisha reli nyingine, na mwisho wa Oktoba boti zikafika ziwani. Bila watu hao Spicer-Simson angeliishia Fungurume na sketi yake.

Majina ya maofisa Waingereza tunayo. Majina ya mafundi watatu Wajerumani waliokuja kuiunganisha Götzen tunayo pia: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Lakini ni nani walioyabeba yale masanduku 5,000 hapa Kigoma? Ni nani walioshika nyundo chini ya jua pamoja na mafundi hao? Vitabu vinasema "vibarua". Na wale waliovuta Mimi na Toutou? Vitabu vinasema "wenyeji". Basi, imetosha, tuendelee na kisa cha sketi.

Na hiyo ilikuwa kazi ya boti mbili tu. Vita vizima vya Afrika Mashariki vilipiganwa kwa vichwa na mabega, maana mbung'o waliua ng'ombe na farasi, na barabara hazikuwapo. Kila risasi, kila gunia la unga, kila machela ya mgonjwa, ilibebwa na mtu. Wanahistoria hutaja wapagazi wapatao 260,000 waliochukuliwa na jeshi la Wabelgiji. Upande wa Waingereza inakadiriwa kuwa karibu wapagazi 100,000 walikufa, wengi wao kwa kuhara damu, homa, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Upande wa Wajerumani hesabu za vifo vyao hazikutunzwa ipasavyo. Mzinga uliong'olewa Götzen nao, ulipofika mwisho wa reli, haukutembea wenyewe kwenda vitani.

Waingereza walipoichukua Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi cha wapagazi kiliwekwa kambi katika uwanja mmoja. Kwa Kiingereza kikosi hicho kiliitwa "Carrier Corps". Wananchi wakalitamka kadiri ulimi wao ulivyopenda, likawa Kariakoo. Leo kila msomaji wa Dar es Salaam anakwenda Kariakoo kununua kitenge, redio au viatu, na makondakta wanaliita jina hilo toka alfajiri mpaka usiku. Tunawaita wale watu mara elfu kwa siku, na hatujui kwamba tunawaita.

Kutoka sokoni hapo si mbali kuifikia sanamu ya Askari katikati ya mji, iliyozinduliwa mwaka 1927. Aliyesimama juu ya nguzo ni askari mwenye bunduki na singe. Heshima yake aliistahili, sina ugomvi naye. Lakini jicho la mpita njia hupanda moja kwa moja kwake, na aliyekuwa amembebea chakula na risasi hayuko juu pale.

Usidhani kwamba haya ni manung'uniko ya mswahili mmoja mbele ya kipaza sauti. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, yenye wajibu wa kuwakumbuka waliokufa katika jeshi la Dola ya Kiingereza, ilitoa taarifa ya uchunguzi wake yenyewe. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na huenda wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika na Mashariki ya Kati. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni mwezi huo huo. Ilichukua zaidi ya miaka 100 macho kugeuzwa yarudi yalikotoka.

Hapa ndipo ile maana ya tatu inapoungana na ya pili. Nilisema kwamba kwa Kiingereza kuburudisha na kuzuga ni kitenzi kimoja. Aliyetunga kisa cha sketi hakukusudia kumficha mpagazi. Alikusudia kutuburudisha tu. Lakini taa yake ilikuwa kali, na pande zote palikuwa giza. Hivyo nasi tukakusanyika kwenye mwanga mfano wa dagaa, na yaliyokuwa chini yetu hatukuyaona. Mzinga wa mbao uliwazuga Waingereza kwa wiki chache. Kisa chenyewe kimetuzuga sisi kwa karne nzima, na mbaya zaidi tumefurahi.

Sisemi tusicheke. Nchi isiyocheka ni nchi yenye homa. Ninachosema ni kwamba mtu anapotuchekesha kwa habari ya kwetu, tucheke, kisha tuulize maswali mawili mepesi. Nani amebeba mzigo katika kisa hiki? Na jina lake ni nani? Ukikuta kisa kina bwana mmoja mwenye vituko vingi na nyuma yake umati usio na jina, ujue umeshaiacha barabara kuu na uko mchepukoni.

Tumalizie na meli yenyewe. Julai 1916, Wabelgiji walipokuwa wakiukaribia mji, Wajerumani walipaka mitambo ya Götzen grisi nzito kisha wakaizamisha wenyewe, kwa matumaini ya kurudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliingia Kigoma mwisho wa mwezi huo. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua meli kutoka majini, na mwaka 1927, mwaka ule ule wa sanamu ya Askari, ikaanza kazi tena kwa jina jipya la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa upande wa kusini. Jina la gavana likabaki chini ya maji. Tangu hapo Liemba imebeba migebuka na dagaa, mawese na mananasi, maharusi na maiti. Mwaka 1997 ilirudisha makwao wakimbizi wa Kongo, na Mei 2015 iliwachukua wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamekwama Kagunga ikawaleta Kigoma.

Watalii huja kuitazama, nao husimuliwa habari za Kaisari, za mzinga na za Bogart. Ni habari nzuri. Ila nina ombi kwako wewe uliyeko Kigoma, Ujiji, Uvinza au ng'ambo ya Kalemie. Kama nyumbani kwenu imebaki habari ya babu au bibi mkubwa aliyebeba sanduku, aliyevuta kamba, au aliyekwenda vitani na mzigo kichwani asirudi, iandike. Andika jina lake kwanza, kisha mengine yafuate. Watoto wako watakapopanda Liemba wawe na jina la kulitaja wakati mwongozaji wa watalii anapofika kwenye sketi.

Na yule mzee wa basi la Kasulu? Kile kijia cha vumbi kilipokwisha tukarudi kwenye barabara kuu. Akachungulia dirishani, akashusha pumzi, akamwambia mjukuu wake: "Sasa tumerudi njiani. Nilikuwa nahesabu tulikotokea."